Uanze na Resident Evil ipi? Gemu tano mezani, kwa mchezaji wa Mwanza

Mtu akikuambia "tafuta Resident Evil ucheze", bado hajakuambia kitu. Kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa ya kwanza kwenye PlayStation mwezi Machi 1996, na tangu hapo jina hilo limebandikwa kwenye gemu ambazo hazifanani hata kidogo. Kuna ambayo unamwona mhusika wako kutoka kona ya dari, kama vile unaangalia kamera ya ulinzi ya duka. Kuna ambayo unamfuata mgongoni. Kuna ambayo humwoni kabisa, unaona mikono yake tu maana macho yake ndiyo yako. Ndiyo maana washikaji wawili wa Kirumba wanaweza kubishana hadi usiku, mmoja akiapa kwamba Resident Evil inatisha, mwingine akisema ni gemu ya kufyatua risasi tu, na wote wakawa sahihi. Kila mmoja kacheza yake.

Hapa nimeweka tano ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zilizogeuza mwelekeo wa mfululizo: ya kwanza (katika toleo lake lililoundwa upya), ya 4, ya 5, ya 7, na ya 2 ya mwaka 2019. Nazipanga kwa mwaka ambao kila moja ilifungua njia yake, si kwa namba, maana namba zenyewe zinachanganya.

Tutapima nini

Kwanza *hofu*: inakutisha kwa njia gani? Kuna hofu ya kushtuliwa, hofu ya kuzingirwa, na hofu ya kuishiwa. Pili *mikono*: mtu aliyezoea pedi ya mpira atahangaika kiasi gani? Tatu *kusevu*. Hiki wachambuzi wa nje hawakigusi, lakini sisi tunakijua: umeme ukikatika Nyakato saa tatu usiku, unapoteza dakika tano au unapoteza saa nzima? Nne *mashine na bando*. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zilikuwa za ofisi. RAM inatosha, kichakataji hakina shida, ila hazina kadi ya grafiki ya kujitegemea, na hapo ndipo gemu mpya zinapokwama. Tano, *nani inamfaa*.

Jambo moja kuhusu vibanda vya gemu. Kuanzia Mabatini hadi Igoma, pedi zimekaliwa na mpira. Unalipia mechi, unacheza, unampisha mwenzako. Resident Evil haiendi hivyo: inataka mtu akae, arudi kesho, akute sevu yake haijafutwa na mteja wa jana. Isipokuwa moja, ambayo tutaifikia, hizi ni gemu za nyumbani.

Resident Evil, ya 2002 iliyong'arishwa mwaka 2015

Asili yake ni gemu nyingine ya Capcom, Sweet Home ya 1989, ya nyumba yenye mizimu. Tokuro Fujiwara aliyeiunda alitaka wazo lile lirudi kwenye mashine mpya, kazi akapewa Shinji Mikami. Mwanzoni Mikami alifikiria gemu ionekane kwa macho ya mhusika, lakini uwezo wa mashine haukutosha kwa picha alizozitaka. Akaishia kwenye suluhisho lililokuja kuwa mtindo: kila chumba ni picha iliyochorwa kabla, kamera imegandishwa mahali pake, wewe unapita ndani ya picha. Mwaka 2002 Mikami mwenyewe aliiunda upya kwa GameCube, na toleo hilo ndilo lililong'arishwa na kuenezwa kwenye kompyuta, PS3, PS4 na Xbox mwaka 2015. Tafuta hilo. La 1996 linapatikana kwenye kompyuta tangu 2024, ila ni la mtu anayetaka historia.

*Hofu.* Ni ya kuishiwa. Kamera ikiwa imegandishwa, unasikia hatua za zombi kabla hujamwona, na yuko nyuma ya kona ambayo picha haikuonyeshi. Lakini uzuri wenyewe wa toleo la 2002 uko kwenye maiti. Ukimwangusha zombi ukamwacha sakafuni, habari yake haijaisha: baadaye anaamka mwekundu, mwenye kucha, na safari hii anakimbia. Dawa ni kumpasua kichwa au kumchoma. Kuchoma kunataka chupa ya mafuta ya taa unayoijaza kwenye madumu machache yaliyotawanyika ndani ya jumba, chupa yenyewe haichomi miili mingi, na inakula nafasi kwenye mzigo wako. Kati ya wahusika wawili unaochagua mwanzoni, Chris anabeba vitu sita, Jill vinane. Basi kila maiti inakuwa hesabu. Korido hii nitapita tena? Nimchome huyu, au yule wa juu karibu na ngazi? Au nisimuue kabisa, nimpige chenga nipite? Sijaona gemu nyingine iliyofanya risasi moja iwe uamuzi mzito namna hii.

*Mikono.* Migumu, lakini toleo la 2015 limeongeza namna ya kisasa ya kutembea: unasukuma kijiti upande unaotaka, mhusika anakwenda. Ya zamani, ambapo kusukuma juu ni kwenda mbele popote alipoelekea mhusika, ipo bado kwa wanaoipenda.

*Kusevu.* Hapa ndipo pabaya kwetu. Unasevu kwenye taipureta, na kila kusevu kunakula utepe wa wino, nao una idadi. Hakuna kusevu kwenyewe. Umeme ukikatika kabla hujafika taipureta, umerudi nyuma. Kwenye laptopu yenye betri nzima hilo si tatizo. Kwenye PS4 na runinga, ni kilio.

*Mashine na bando.* Rahisi. RAM ya GB 2 ndiyo kima cha chini, laptopu ya ofisi inaweza kuibeba, na faili lake ni kama GB 20.

*Inamfaa* mvumilivu, mpenda mafumbo, mtu anayependa kuchora ramani kichwani. Haimfai anayetaka kufika nyumbani ajitupe kwenye kochi apige risasi.

Resident Evil 4, ya 2005 na ya 2023

Kabla haijatoka, Capcom walianza na kutupa matoleo kadhaa. Mojawapo lilikuwa mbali na mfululizo kiasi kwamba likageuzwa kuwa gemu nyingine, Devil May Cry ya 2001. Ilipotoka Januari 2005, tena chini ya Mikami, kamera ilikuwa imehamia nyuma ya bega. Leo tunaona ni jambo la kawaida kwa sababu gemu nyingi zilizofuata zilichukua bega lilelile.

*Hofu.* Ya kuzingirwa. Leon Kennedy anatumwa kijiji cha mashambani Hispania kumtafuta binti wa rais wa Marekani, na wanakijiji anaowakuta si mazombi. Wanaongea, wanaitana, wanarusha mashoka. Unaingia nyumba, unasukuma kabati mlangoni, wao wanaleta ngazi wanapandia dirishani. Halafu unasikia msumeno wa mashine. Dakika kumi hizo za kwanza zinatosha kukuonyesha gemu nzima. Ila kadiri unavyosonga unazidi kuwa na nguvu: kuna mfanyabiashara mwenye koti refu anayekuuzia bunduki na kuziboresha, kuna vito vya kuokota na kuuza, kuna sanduku la silaha ambalo unapanga vitu ndani yake kwa miraba, ukigeuza bunduki hivi na mayai vile hadi vienee. Hofu inapungua, mbinu zinaongezeka. Kati ya hizi tano, nadhani hii ndiyo gemu bora kuicheza, na si inayotisha zaidi. Mambo hayo mawili tusiyachanganye.

*Mikono.* Ya 2005 hairuhusu kutembea huku unalenga; unasimama, unalenga, unapiga. Kwa mara ya kwanza inaudhi, kisha unaelewa kwamba ndiyo iliyojenga presha yote. Ya 2023 inakuruhusu kutembea, tena unaweza kukinga pigo kwa kisu, hata la msumeno, ila kisu kinachakaa.

*Kusevu.* Taipureta zipo, utepe hakuna. Ya 2023 inasevu pia yenyewe njiani kwenye viwango vya kawaida vya ugumu. Umeme ukikatika unasonya tu, unaendelea.

*Mashine na bando.* Ya zamani ilifika hadi PS2, na kwa kompyuta haina masharti makubwa. Ya 2023 inataka RAM GB 8 na kadi ya grafiki ya GB 4 ya aina ya GTX 1050 Ti kwa uchache, na faili lake linapita GB 50. Hiyo siyo bando ya siku.

*Inamfaa* karibu kila mtu, hasa anayetoka kwenye gemu za mapigano. Ukitaka kukosa usingizi, endelea kusoma.

Resident Evil 5, ya 2009

Hii ndiyo yenye mambo mengi kwa msomaji wa Kiswahili. Chris Redfield anafika Kijuju, eneo la kubuni lililowekwa Afrika Magharibi, anaungana na Sheva Alomar, na adui zao wanaitwa Majini. Nao wanapiga kelele kwa Kiswahili. Ndiyo: Afrika Magharibi, Kiswahili. Kwa mchezaji wa Osaka au Chicago zile ni kelele za kigeni za kuongeza vitisho. Kwa mtoto wa Pansiansi ni watu wanaotoa amri kwa lugha ya nyumbani, na sikio linageuka kabla ya jicho. Wengine wanacheka hadi wanakufa kwenye gemu. Wengine wanakereka.

Kukereka kuna sababu. Picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007, mjadala uliibuka nje juu ya mzungu anayemimina risasi kwa umati wa Waafrika, na gemu yenyewe, mbele kidogo kwenye mabwawa, inaleta watu wa mikuki na vinyago ambao ni Afrika ya kufikirika ya mtu aliye mbali. Sitakuambia usiicheze. Nakuambia ujue unachokuta. Upande mwingine, mabwawa hayohayo yana mamba wanaokumeza mzimamzima ukizubaa majini, na hilo mtu wa mwambao wa ziwa hahitaji kuelezwa kwa nini linatisha.

*Hofu.* Ndogo. Jua linawaka, risasi zipo, na hauko peke yako. Presha inatoka kwenye mzigo: kila mmoja ana nafasi tisa, na ukifungua begi dunia haisimami, unakatwa panga huku unatafuta dawa.

*Mikono.* Ni ile ya 4 ya zamani: kusimama ndipo ulenge. Sheva akiongozwa na kompyuta anatumia dawa hovyo na kujipeleka kwenye hatari. Akiongozwa na rafiki yako, gemu inageuka nyingine kabisa.

*Kusevu.* Inasevu yenyewe, kwa vituo vya karibu.

*Mashine na bando.* Nyepesi kwa umri wake. Ipo kwenye PS3, PS4, Xbox na kompyuta, na toleo la kompyuta liliongezewa uwezo wa kugawa skrini mara mbili mwaka 2023.

*Inamfaa* ndugu wawili, pedi mbili, runinga moja. Hii ndiyo pekee kati ya tano ambayo naiona ikikaa kibandani, maana imegawanywa kwa sura fupi na watu wawili wanaweza kulipia pamoja. Angalizo moja: inaanika wazi siri ya usaliti iliyo ndani ya gemu ya kwanza. Ukitaka kuicheza ile bila kuharibiwa, itangulize.

Resident Evil 7, ya 2017

Baada ya namba 5 kuja ya 6 mwaka 2012, yenye simulizi nne, magari, ndege na milipuko, mfululizo ulikuwa umevimba. Capcom walifanya kinyume: nyumba moja, familia moja, mtu asiye mwanajeshi. Ethan Winters anamtafuta mkewe, Mia, aliyepotea miaka mitatu, kwenye shamba la Dulvey, Louisiana. Na kamera ikaingia kichwani mwake, pale ambapo Mikami alitaka kuanzia zaidi ya miaka ishirini nyuma.

*Hofu.* Kubwa kuliko zote nne nyingine. Huoni kilicho nyuma yako isipokuwa ugeuke, na kugeuka kunachukua muda ambao Jack Baker, baba mwenye nyumba, anautumia vizuri. Anakutafuta chumba hadi chumba, anakuita kwa sauti ya mwenyeji aliyefurahi mgeni amekuja. Umejibanza nyuma ya kochi, mbao za sakafu zinalia, hujui ni zako au zake. Cheza na hedifoni, na usichague usiku wa mvua: mvua ya Mwanza ikipiga bati hutasikia hatua zake, na hatua ndizo zinazokuokoa. Nusu ya pili inapoa kidogo, adui wengi ni viumbe vya kuvu nyeusi vinavyofanana, lakini nusu ya kwanza haina mpinzani.

*Mikono.* Rahisi ukizoea gemu za kulenga bunduki kwa macho ya mhusika. Wengine kichwa kinazunguka; hao waipitie mbali.

*Kusevu.* Unasevu kwenye kinasa sauti cha kaseti, bure, na inasevu yenyewe njiani kwenye viwango viwili vya chini. Kiwango cha juu kabisa kinarudisha udhia wa zamani: kaseti zina idadi.

*Mashine na bando.* RAM GB 8, kadi ya grafiki ya kujitegemea, faili kama GB 24. Laptopu ya ofisi itapumua kwa shida.

*Inamfaa* anayetaka kutishwa kweli, na asiyejua lolote la gemu zilizotangulia, kwa sababu simulizi yake inajitegemea karibu yote.

Resident Evil 2, ya 2019

Ile ya 1998, iliyoongozwa na Hideki Kamiya, ilikwishaandaliwa sehemu kubwa, ikatupwa, ikaanzwa upya. Ya 2019 inachukua jengo lilelile, kituo cha polisi cha Raccoon City kilichokuwa makumbusho, na kuliweka chini ya kamera ya bega.

*Hofu.* Mchanganyiko: kuishiwa kwa ya kwanza, ukaribu wa ya 4. Zombi anakula risasi tatu nne za kichwa na bado anainuka. Una mbao chache za kupigilia madirishani, madirisha ni mengi kuliko mbao, kwa hiyo unachagua korido ipi uiokoe. Kisha anakuja jitu la koti na kofia, lisilouawa, hatua zake zikisikika ghorofa ya juu. Risasi ya kichwa inaweza kumvua kofia. Haisaidii chochote, ila moyo unaburudika.

*Mikono.* Mizuri. Ipo hata namna ya kusaidiwa kulenga kwa wageni wa gemu.

*Kusevu.* Taipureta bila utepe, pamoja na kusevu kwenyewe. Kiwango kigumu pekee ndicho kinachorudisha utepe.

*Mashine na bando.* Karibu sawa na ya 7.

*Inamfaa* anayetaka kujua kwa nini watu waliipenda Resident Evil ya zamani bila kupambana na kamera ya zamani. Unaicheza mara mbili, kwa Leon na kwa Claire, hivyo hela yake inarudi.

Ambazo sikuziweka

Ya 3 ya 2020 ni nzuri na fupi mno. Ingoje ishuke bei. Village ya 2021 ni mwendelezo wa ya 7 na inachota mengi ya 4, icheze baada ya hizo. Ya 6 waachie waliokwisha kuzimaliza zote. Requiem, iliyotangazwa Juni 2025, inakuacha uchague mwenyewe kati ya bega na macho, lakini ni ya PS5, Xbox Series, Switch 2 na kompyuta za sasa. Kwa simu: ya 2, ya 4 na ya 7 zipo kwa iPhone 15 Pro na zilizofuata. Ukiuziwa "Resident Evil 7" ya Android kwenye flashi pale mjini, umeuziwa kitu kingine.

Kwa hali yako

Una laptopu ya ofisi na hutarajii kununua nyingine mwaka huu: ya kwanza, toleo la 2015. Ukiona mafumbo yanakuchosha, hamia ya 5, au ya 4 ya zamani.

Una PS4, umeme wa mtaani kwako hauaminiki: ya 2 au ya 7, kwenye kiwango cha kawaida cha ugumu. Ile ya utepe wa wino iache hadi upate betri ya akiba.

Mnacheza wawili, au una kibanda na unataka kitu tofauti na mpira: ya 5.

Umehamia juzi kwenye gemu hizi na unaogopa kuogopa: ya 4, lolote kati ya matoleo yake. Ikikukolea, panda ya 2, kisha ya 7.

Una watoto nyumbani: zote tano ni za watu wazima, kwa damu na kwa ukatili. Cheza wakishalala, na hedifoni.

Hujaamua bado na bando ni ya kuhesabu: ya 7 na ya 4 ya 2023 zina vipande vya majaribio vya bure, vidogo kuliko gemu nzima. Pakua hivyo kwanza. Visipofunguka kwenye mashine yako, gemu yenyewe nayo haitafunguka.